Safu ya Nyumbani: Mbwa wa Dakika Tatu

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na neno hilo limewafaa watu wengi katika kujenga, katika kuoa na katika kununua. Lakini iko kazi moja ambayo haraka ndiyo baraka yake, nayo ni kumchora kwa penseli kiumbe hai asiyekubali kungoja. Mbwa hakai kama mtungi. Husinzia, hushtuka, hujikuna, kisha huondoka. Atakaye kumchora hupewa dakika mbili au tatu tu, na katika dakika hizo hana budi kuchagua lipi alitie katika karatasi na lipi aliache. Asiyelijua jambo hili akiutazama mchoro wa namna hiyo huona karatasi iliyochafuliwa. Alijuaye huona mbwa.

Tofauti ya watazamaji hao wawili ilidhihirika katika nyumba ya koplo mmoja wa polisi, katika kambi iliyo nje kidogo ya mji. Nyumba hiyo ilikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, wa rangi ya mchanga, mwembamba, ambaye sikio lake la kushoto lilikunjika ncha na halikupata kusimama. Hakuwa mbwa wa kikosi. Watoto walimwokota karibu na kantini angali mdogo, naye akakua kwa makombo ya posho na maharagwe, akawa mlinzi wa kizingiti bila kuajiriwa na mtu.

Jioni moja binti wa koplo, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa ameketi barazani akifanya hesabu. Simba alikuwa amelala mlangoni. Ghafla mbwa akainua kichwa. Mtoto akaligeuza daftari nyuma, kwenye kurasa ambazo hazijaandikwa kitu, akaanza kuchora, macho yake yakiwa juu ya mbwa kuliko juu ya karatasi. Dakika tatu baadaye Simba aliondoka kuifuata sauti aliyoisikia langoni, na mchoro ukaishia hapo.

Koplo alirejea saa moja usiku, buti zake zimejaa vumbi. Akaonyeshwa kazi ile chini ya taa.

"Mbwa gani huyu?" aliuliza. "Miguu ya nyuma iko wapi? Na manyoya je? Mwanangu, ukianza kazi, imalize."

Hakusema kwa ukali, alisema kwa uchovu. Jirani yake, konstebo wa kikosi cha mbwa, alikuwa amekuja kurudisha jembe. Akachungulia juu ya bega la mtoto, akatazama kwa kitambo, kisha akasema, "Afande, huyu amesikia kitu langoni, ila bado hajaamua kama atabweka."

Koplo akacheka, akaenda kuoga. Mtoto akauchana ukurasa ule taratibu, akautia katika kapu la mkaa. Kulipokucha mama yake aliutumia kuwashia sigiri, kwa kuwa hapana mtu aliyemwambia auweke.

Yafaa kuuliza yule konstebo aliona nini ambacho mwenzake hakukiona, maana wote wawili walitazama karatasi moja kwa taa moja. Jibu si kwamba alikuwa na macho makali zaidi. Alijua mahali pa kutazama, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kuusoma mwili wa mbwa.

Jambo la kwanza la kutazama ni mstari wa mgongo. Katika mchoro wa haraka, mstari huo unaotoka kisogoni hadi kwenye shina la mkia ndio ubebao mwili mzima, kama mwamba wa paa ubebavyo makuti. Mbwa aliyelala usingizi mzito, mgongo wake hulegea na mstari wake huinama kama kamba isiyovutwa. Mbwa aliyeshtuka, mstari huo hukazwa kutoka shingoni hadi mabegani, hata kama kiuno chake bado kimelala sakafuni. Mchoraji aliyeupata mstari huo amekwisha kumpata mbwa. Aliyeukosa, hata akiongeza unywele mmoja mmoja mpaka usiku wa manane, atakuwa amechora ngozi iliyotandikwa.

Jambo la pili ni masikio na mkia, ambavyo ndivyo ulimi wa mbwa. Mwanasayansi Charles Darwin, katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia zao, alieleza hali mbili za mbwa zinazopingana. Mbwa anayemwendea mgeni kwa uadui hutembea wima na kwa ukakamavu, kichwa kimeinuka kidogo, mkia umesimama, manyoya ya shingo na mgongo yamesisimka, masikio yameelekea mbele. Akitambua ghafla kuwa mgeni yule ni bwana wake, kila kitu hugeuka: mwili hushuka, mkia huteremka ukitikiswa, masikio hurudi nyuma. Darwin aliona kuwa maneno hayatoshi, akawaomba wachoraji wamchoree hali hizo, na michoro yao ikachapwa katika kitabu. Mchoraji mwenye penseli na dakika tatu hana nafasi ya kueleza yote hayo. Ataandika pembe ya sikio na mwelekeo wa mkia, basi, na mtazamaji mwenye kumjua mbwa atamalizia.

Jambo la tatu ni uzito wa mstari. Penseli si kama kalamu ya wino inayoandika kwa unene mmoja. Mkono ukikaza, mstari hunenepa na kuwa mweusi. Mkono ukilegea, hubaki kama utando wa buibui. Mchoraji mwema hukaza pale ambapo mwili umegandamiza ardhi, kama chini ya kifua na chini ya nyayo, na pale ambapo moyo wa jambo umekaa. Kwingine hupita kwa wepesi. Hivyo mtazamaji huhisi kuwa mbwa ana uzito, kwamba akisimama sakafu itasikia.

Jambo la nne, ambalo ndilo gumu kwa wengi, ni mahali palipoachwa wazi. Macho ya binadamu yamezoea kukamilisha kisichoonyeshwa. Askari wa doria aonapo ncha ya kofia juu ya ukuta hafikiri kuwa kofia inaelea hewani, bali anajua kuwa chini yake kuna mtu. Kadhalika katika mchoro, mistari mitatu mifupi shingoni yatosha kutangaza manyoya ya mwili mzima, na miguu ya nyuma isiyochorwa hubaki mahali pake bila kuulizwa. Koplo aliyeuliza miguu iko wapi alikuwa akihesabu vifaa kama ghalani. Mchoro haukuwa orodha ya vifaa, ulikuwa taarifa ya tukio.

Hata hivyo, wepesi huo haumaanishi kutojua. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu asiyeujua mwili wa mbwa hukosea mguu wa nyuma mara kwa mara, kwa kudhani kuwa kile kinachopinda kuelekea nyuma ni goti lililogeuka. Si goti, ni kisigino. Mbwa hutembea kwa vidole vyake, kisigino kikiwa kimeinuliwa juu, na goti lake la kweli liko karibu na tumbo, likielekea mbele kama la mtu. Tena mifupa ya mabega ya mbwa haikufungwa kwenye kifua kwa mtulinga kama yetu, bali imeshikwa kwa misuli, ndiyo sababu bega lake huteleza juu na chini anapotembea. Mwenye kuyajua hayo huchora mstari mmoja ukakaa mahali pake. Asiyeyajua huchora mistari kumi, na mbwa wake bado huonekana kama kiti.

Mfano mkubwa wa kazi ya namna hii ni wa zamani sana. Mwezi Julai mwaka 1520, mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliondoka mjini Nuremberg pamoja na mkewe kwenda nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo. Hakwenda kutembea tu. Mfalme Maximilian, aliyekuwa amemwekea malipo ya kila mwaka, alikuwa amefariki mwaka 1519, naye Dürer alitaka malipo hayo yathibitishwe na mrithi wake, Charles wa Tano. Hivyo alikuwapo Aachen mwezi Oktoba 1520, Charles alipovikwa taji. Siku hizo mji ulijaa wakuu, farasi, bendera na mavazi ya dhahabu. Na katika kitabu chake kidogo cha safari, Dürer alichora humo humo Aachen mbwa aliyejipumzisha. Aliandika juu ya karatasi kuwa mchoro umefanywa Aachen. Karatasi hiyo ipo hata leo katika British Museum, London. Malipo yake aliyapata, fedha zikatumika zikaisha, na mbwa ambaye hakuna ajuaye alikuwa wa nani angali amejilaza.

Dürer hakutumia penseli ya leo, bali ncha ya fedha iliyoburutwa juu ya karatasi iliyopakwa rangi maalumu. Mstari wa fedha haufutiki kwa urahisi, kwa hiyo mkono wake haukuwa na ruhusa ya kubahatisha.

Penseli nayo ina habari yake, na habari hiyo yawahusu wanajeshi. Kwa Kiswahili huitwa pia kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Jina hilo latokana na kosa la watu wa kale, waliodhani kuwa jiwe jeusi lililochimbwa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, lilikuwa aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kuwa ni kaboni, ndugu wa makaa, nalo leo huitwa grafiti. Vita vilipozuka baina ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1793, grafiti safi ya Waingereza ikawa haifiki tena Ufaransa, na jeshi lisilo na penseli haliwezi kuchora ramani. Kazi ya kutafuta njia nyingine alipewa Nicolas-Jacques Conté, fundi na afisa aliyepoteza jicho moja katika majaribio ya gesi ya maputo ya kijeshi. Alisaga grafiti duni, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma katika tanuri, na mwaka 1795 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Kadiri udongo unavyozidi, ndivyo penseli inavyokuwa ngumu na mstari wake kufifia. Kadiri grafiti inavyozidi, ndivyo inavyokuwa laini na nyeusi. Hadi leo herufi zilizopigwa kwenye penseli hueleza jambo hilo: H ni ngumu, B ni nyeusi, na HB ni ya katikati. Hata mti wa kuivisha umepata kutoka kwetu, kwani mtarakwa wa milima ya Kenya, ambao huota pia kaskazini-mashariki ya Uganda, ulikatwa kwa kazi hiyo.

Si ajabu basi kwamba majeshi yaliwafundisha maafisa wao kuchora. Katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, mchoraji Paul Sandby alifanywa mwalimu mkuu wa uchoraji mwaka 1768, akaishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Shabaha haikuwa kuwatengeneza wasanii, bali kumpata afisa anayeweza kusimama juu ya kilima, akatazama bonde kwa dakika chache chini ya hatari, akarudi na karatasi inayoonyesha daraja, kichaka na njia, bila kupoteza muda kwa majani ya miti. Na polisi anayechora mahali pa tukio katika daftari lake, hapa mlango, hapa dirisha lililovunjwa, hapa nyayo, anafanya kazi hiyo hiyo. Anachagua. Kwa hiyo askari anayeudharau mchoro wa haraka wa mwanawe anadharau sehemu ya kazi yake mwenyewe.

Wako watakaosema kuwa siku hizi simu ya mkononi hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, basi penseli ya nini? Ni kweli kwamba kamera imewasahihisha wachoraji. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga huko Marekani mfululizo wa picha za farasi anayekwenda mbio, na ikaonekana kuwa wachoraji wa miaka mingi walikosea walipomchora akiruka miguu yote minne imenyooshwa mbele na nyuma. Farasi huwa hewani wakati miguu yake imekusanyika chini ya tumbo. Mbwa mwenye mbio kali ndiye ajuaye kuruka kwa namna ile iliyonyooshwa. Jicho hukosea, na mchoro waweza kukosea pamoja nalo. Lakini simu hunasa kila kitu bila kupendelea: ndoo, kandambili, ukuta, na mbwa nyuma yake. Mchoro huonyesha ni kitu gani mtu fulani alikitazama, na kwa upendo kiasi gani. Ni kumbukumbu ya mbwa, tena ni kumbukumbu ya mtoto aliyemtazama.

Koplo aliyatambua hayo wiki mbili baadaye, kwa njia asiyoitaka. Simba aligongwa na lori la mkaa mbele ya lango la kambi, akafa kabla hajafikishwa nyumbani. Watoto wakamzika nyuma ya jiko. Usiku, mdogo wao wa miaka minne akauliza, "Sikio la Simba lilikuwaje?" Wakatafuta katika simu ya baba. Zilikuwamo picha za harusi, za gwaride, na moja ya watoto wakiwa na sare mpya za shule. Simba alikuwamo katika hiyo, yaani mkia wake, ukichomoza nyuma ya ndoo.

"Kulikuwa na ule mchoro," mama alisema, kisha akanyamaza, kwa kuwa alikumbuka sigiri.

Mtoto akajaribu kuchora upya. Akachora mbwa mwenye miguu minne kamili na manyoya mwili mzima, kama alivyoelekezwa, na mbwa huyo hakuwa Simba. Akaweka penseli chini.

Hapo koplo akalitaka lile daftari. Akalifungua nyuma kabisa, penye ukurasa wa mwisho ambao ulikuwa chini ya ule uliochanwa, nao ulikuwa mweupe. Akaomba taa izimwe. Akawasha tochi yake ya kazini, akailaza ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu yake kwa mshazari, kama polisi wafanyavyo wanapotafuta alama za maandishi yaliyogandamizwa kutoka ukurasa wa juu. Mwanzoni hapakuonekana kitu. Akaigeuza karatasi kidogo. Kivuli chembamba kikajitokeza: shingo hadi mgongo, umekazwa. Kisha nyayo mbili za mbele. Kisha sikio, limekunjika ncha.

Mistari myepesi haikuacha alama. Ni ile tu ambayo mkono wa mtoto uliikaza iliyobaki, na hiyo ilitosha. Mdogo akapaza sauti akimwita Simba kwa jina.

"Amesikia kitu langoni," koplo alisema polepole. Hapana aliyecheka.

Ukurasa ule haukupitishwa penseli juu yake ili mistari ionekane, kwani kufanya hivyo kungeuharibu. Uliwekwa kati ya karatasi mbili ngumu katika sanduku la bati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kitabu cha akiba. Anayetaka kumwona Simba huomba tochi.

Mzazi anayesoma habari hii hahitaji kuwa mjuzi wa sanaa ili kuepukana na hasara kama hiyo. Mambo manne yamtosha. Mtoto aletapo mchoro, na autazame kimya kwa muda wa pumzi tatu kabla ya kusema, kwa kuwa neno la kwanza ndilo likaalo. Asianze na kilichokosekana, bali ataje jambo moja aliloliona kweli: sikio hili, mgongo huu, jinsi alivyoketi. Sifa za jumla kama "vizuri sana" mtoto huzijua kuwa ni njia ya kumwondoa. Kama kuna kosa, kama lile la kisigino na goti, na ampeleke mtoto kwa mbwa mwenyewe wakamtazame pamoja, badala ya kusahihisha juu ya karatasi. Na jambo la mwisho ni kuandika tarehe nyuma ya mchoro na kuuweka. Penseli moja laini, ya 2B, na daftari la bei ndogo havimshindi mtu mwenye mshahara wa askari. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao kwa mtoto ni nyumbani, kabla ya shule na kabla ya mji.

Katika nyumba ile ya koplo, binti alikaa muda bila kuchora. Halafu siku moja alikwenda na daftari kwenye vibanda vya kikosi, konstebo akamruhusu aketi nje ya wavu. Alirudi na mbwa wa kazi aliyechorwa kwa mistari tisa au kumi, hana tumbo wala mkia. Baba yake aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama bila kusema.

Kisha akauliza, "Alikuwa akifanya nini?"

Mtoto akavuta kiti, akaanza kueleza.